Goma: Sheria ya maji ipo, Majengo yaishi kwa bidoni

Katika mtaa wa Majengo, kaskazini mwa mji wa Goma, siku huanza kwa swali moja: mayi imekuya? Ndivyo watu wa Goma wanavyolitamka neno maji, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengine yote: kama mama atafua leo au ataahirisha tena, kama mtoto atawahi kengele ya shule au atafika amechelewa na shati limelowa mgongoni, kama fedha ya unga itabaki nzima au itamegwa kumlipa mwenye chukudu.

Maji yakija, hayakai. Kwa hiyo kila chombo kinachoweza kushika maji hujazwa: bidoni za njano za lita 20 ambazo awali zilibeba mafuta ya kupikia, ndoo, masufuria, mapipa ya plastiki, na kwa wenye uwezo, tanki lililoinuliwa juu ya jukwaa la mbao au la mawe. Humo ndimo maji ya Majengo yanamokaa kwa sehemu kubwa ya juma. Bomba hupitisha tu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina sheria ya maji, na kwenye karatasi si sheria mbaya. Ni Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, iliyotangazwa chini ya Rais Joseph Kabila. Inasema maji ni mali ya taifa. Inapanga nani anaweza kuyatumia na kwa kibali gani, inaweka maeneo ya kinga kuzunguka sehemu ambako maji ya kunywa yanachotwa, na inamtaka anayechafua maji alipe. Ndiyo pia iliyoondoa ukiritimba wa Regideso, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1939 wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, na kufungua mlango kwa kampuni binafsi. Juu yake kuna Katiba ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha 48 kinataja haki ya raia ya kupata maji ya kunywa na umeme.

Lakini uzito wa sheria hiyo uko kwenye mito, mabonde, chemchemi, mitambo na mikataba. Bidoni haina nafasi kubwa humo. Na Majengo hakuna mto.

Mji juu ya jiwe

Mgeni anayefika Goma kwa mara ya kwanza hushangaa kusikia kilio cha maji. Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ziwa lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Kinachokosekana ni ardhi ya kuyashika maji hayo. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, matabaka ya lava iliyomwagika kutoka Nyiragongo na Nyamulagira kwa karne nyingi. Mvua ikianguka, hupenya kwenye nyufa za mawe hayo na kutoweka. Hakuna mto unaokatiza mji, na kuchimba kisima cha kawaida kwa mkono ni kazi bure. Hata shimo la choo ni taabu. Wengi huishia kwenye jiwe kabla ya kufika kina kinachofaa, na choo hubaki kifupi, jirani na mahali ambapo bidoni zimepangwa.

Basi maji lazima yapande kutoka ziwani. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Goma, ambao haupo mbali na Majengo, uko mita 1,550 hivi. Tofauti hiyo ya karibu mita 90 ndiyo siri ya tatizo zima. Kila lita inayofika Majengo kwa bomba imesukumwa kupanda mlima kwa pampu, pampu inataka umeme, na umeme ukikatika maji husimama mahali pale pale yalipofika.

Pale pampu inaposhindwa, wanapandisha binadamu. Bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio ambayo ni alama ya Goma kiasi cha kujengewa sanamu katikati ya mji, hubeba bidoni kadhaa kwa safari moja. Msichana wa miaka 12 hubeba moja, mara nyingi mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso.

Hesabu ni rahisi na inaumiza. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia wakati wa dharura, vinataka angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kwa ajili ya kunywa, kupika na kuoga. Nyumba ya watu saba inahitaji lita 105, yaani zaidi ya bidoni tano, kila siku. Hiki ni kiwango cha mkimbizi kambini, na mtu wa mjini alitarajiwa kuwa juu ya hapo. Majengoni zipo nyumba nyingi ambazo zingeshukuru kukifikia.

Usiku wa Mei 22

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni, Nyiragongo ilipasuka. Lava iliteremka kuelekea mjini, ikafunika vijiji vya wilaya ya Nyiragongo na kusimama upande wa Buhene, jirani na Majengo. Watu wasiopungua 30 walikufa. Siku tano baadaye, Mei 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru watu wahame kutoka mitaa 10 kati ya 18 ya mji, Majengo ukiwemo. Mamia ya maelfu waliondoka, wengine wakielekea Sake, wengine wakivuka mpaka kuingia Rwanda.

Dunia iliiona lava kwenye runinga. Jambo ambalo halikuonekana vizuri ni kwamba lava ile ilipita pia juu ya maji. Tanki kubwa la kuhifadhi maji ya mji liliharibiwa na mabomba makuu yakafukiwa chini ya jiwe la moto. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikadiria kwamba takriban watu nusu milioni walibaki bila maji ya bomba. Waliorudi Majengo mwanzoni mwa Juni walikuta nyumba zao zimesimama, lakini bomba kavu.

Kwa wiki kadhaa, mashirika ya misaada yalileta maji kwa malori na kuyaweka kwenye matanki laini ya plastiki yanayotandazwa chini kama godoro. Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Regideso wakalaza bomba la dharura juu ya lava iliyokuwa bado na joto. Kazi ilikuwa ya haraka na ya kusifiwa. Lakini ilionyesha pia jinsi mji wenye watu zaidi ya milioni moja ulivyokuwa ukitegemea matanki machache tu, na baadhi yake yalikuwa kwenye njia ambayo mlima huo ulikuwa umeshaifungua mara mbili ndani ya miaka 50: mwaka 1977, na Januari 2002 lava ilipofika hadi katikati ya mji.

Sheria ya 2015 inaagiza kinga kuzunguka vyanzo vya maji dhidi ya uchafuzi. Kwa Goma, swali la kwanza ni kama tanki lenyewe lijengwe pale au lisijengwe.

Mwenye wajibu hayupo

Hapa ndipo mkazi wa Majengo anapokutana na kitendawili cha sheria hiyo. Moja ya mabadiliko yake makubwa ni kugatua madaraka. Huduma ya maji, inasema, ni kazi ya majimbo na mamlaka za miji na komini, si ya Kinshasa peke yake. Wazo ni zuri: anayejua kwamba Majengo haina maji ni mtu wa Goma, si waziri aliye zaidi ya kilomita 1,500 magharibi. Jimbo lingetunga kanuni zake kupitia bunge la jimbo, na mji ungesimamia.

Lakini tarehe 6 Mei 2021, siku 16 kabla ya volkano, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa kijeshi kwa amri ya Rais Félix Tshisekedi. Gavana raia aliondoka, akaja jenerali. Meya wa Goma akawa afisa wa polisi. Bunge la jimbo likasimamishwa. Hatua iliyotangazwa kuwa ya siku 30 iliongezwa siku 15 baada ya siku 15, kwa miaka.

Kwa maneno mengine, sheria ililikabidhi jimbo jukumu la maji, kisha jimbo likanyang'anywa chombo cha kutunga kanuni. Haikuwa nia ya mtu yeyote kuua sheria ya maji. Ilikuwa vita. Lakini kwa mwenye bidoni matokeo ni yale yale: hakuna diwani wa kumuuliza, hakuna kikao cha bajeti cha kufuatilia, na anayejibu simu kuhusu maji mara nyingi ni mfanyakazi wa shirika la misaada ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa robo ya mwaka.

Ndiyo maana mitandao mingi mipya ya Goma katika miaka ya 2010 ilitokana na fedha za nje. Shirika la Mercy Corps, kwa ufadhili wa Uingereza, lilijenga mabomba, matanki na vituo vya kuuzia maji katika Goma na Bukavu. Vituo hivyo vilipunguza foleni pale vilipofika. Havikuondoa bidoni. Mtu hununua maji safi kituoni, halafu anayabeba, anayaweka ndani, na yanakaa.

Maji safi yanapochafukia nyumbani

Kukaa huko ndiko sheria nyingi za maji, si ya Kongo tu, hukusahau. Serikali hupima maji kwenye mtambo na kwenye bomba. Mtoto hunywa kwenye kikombe kilichochovywa ndani ya ndoo.

Ushahidi wa tofauti hiyo ni wa siku nyingi. Katika kambi moja ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waligawa ndoo zenye kifuniko kisichofunguka na mdomo wa kumiminia, ili mkono usiingie ndani. Hawakubadilisha chanzo cha maji wala kuongeza dawa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, yalionyesha vijidudu vya kinyesi ndani ya maji ya nyumbani vimepungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 31. Ndoo tu.

Goma ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko miji mingine. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika hapa kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Makaburi hayakuchimbika kwa sababu ya mawe yale yale yanayozuia visima. Wazee wa mji wanakumbuka maiti zilizofungwa kwenye mikeka kando ya barabara. Tangu hapo kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa katika ukanda wa maziwa ya mashariki mwa Kongo. Hupungua, halafu hurudi, kama ilivyotokea kuanzia mwishoni mwa 2022 wakati watu waliokimbia mapigano ya M23 walipojaa Kanyaruchinya, kaskazini tu mwa Majengo, na baadaye kambi za magharibi mwa mji.

Kinga iliyo karibu zaidi na bidoni ni klorini. Kwenye fukwe ambako watu huchota, wakati wa mlipuko, hukaa vijana wenye meza, ndoo ya dawa na bomba la sindano. Bidoni ikipita, wanaipiga dozi yake. Maji yanapaswa kusubiri nusu saa kabla ya kunywewa. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kidogo cha klorini kibaki ndani ya maji hadi yanapotumika, kisipungue miligramu 0.2 kwa lita, ili kiue kile kinachoingia baadaye kwa mkono au kikombe.

Ila Ziwa Kivu lina tabia yake. Maji yake yana hali ya magadi, pH ikiwa karibu 9, na klorini hufanya kazi polepole zaidi pH inapopita 8. Kwa hiyo dozi ya haraka na bidoni inayobebwa mbio haitoshi. Inahitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mtu mwenye kiu na watoto wanaolia hana. Kisha kuna ladha. Wapo wanaokwepa meza ya klorini kwa sababu chai inanuka dawa. Kuchemsha nako kunataka makala, na bei ya makala Goma inapanda na kushuka na vita, kwa kuwa sehemu kubwa hutoka upande wa Hifadhi ya Virunga.

Mvua ya volkano

Kuna anayeuliza, na ni swali la haki: kwa nini Majengo isikinge mvua? Mabati yapo, mvua ipo, ziwa liwekwe kando.

Mfano wa mbali unampa nguvu. Visiwa vya Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki, havina mito wala maziwa ya maji baridi, na ardhi yake ni jiwe la chokaa linalopitisha maji. Huko kanuni za serikali za mwaka 1951 kuhusu uhifadhi wa maji zinamtaka mwenye nyumba akinge mvua kwenye sehemu ya nne kwa tano ya paa, awe na tanki linalolingana na ukubwa wa paa hilo, na alisafishe angalau mara moja kila miaka sita. Nyumba ya Bermuda bila tanki haikamiliki kisheria. Watu wameishi hivyo kwa vizazi.

Goma wanakinga pia. Ikianza kunyesha, Majengo nzima hutoka nje na vyombo, na kelele za maji kwenye mabati huzima mazungumzo yote. Lakini juu ya paa za Bermuda hakuna Nyiragongo. Moshi wa mlima huu hubeba gesi za salfa, klorini na floridi, na mvua inayopita ndani yake hushuka na sehemu ya mzigo huo. Mabati ya Goma na vijiji vya karibu hutoboka kwa kutu mapema. Wanasayansi waliopima mvua na maji yaliyohifadhiwa kuzunguka volkano hizi, wakiwemo wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, wamekuta floridi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita katika baadhi ya maeneo, hasa upande ambao upepo hupeleka moshi. Meno ya kahawia ya watoto wa vijiji hivyo ni ushahidi ambao hauhitaji maabara.

Hali hubadilika kwa upepo, kwa msimu na kwa hasira ya mlima. Mvua ya leo inaweza kuwa salama na ya juma lijalo isiwe. Kuchemsha hakuondoi floridi. Klorini haiondoi pia. Anayejua ni yule mwenye kipimo, na kipimo hakiko Majengo. Hapa kanuni ya jimbo ingekuwa na kazi ya wazi: nani apime maji ya mvua, mara ngapi, na atangaze wapi, redioni au msikitini au kanisani, kwamba juma hili maji ya paa ni ya kufulia tu.

Jirani aliyejifunza kwa msiba

Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Maji ya mwaka 2016 ilitaja uhifadhi kwa jina, na kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uvunaji na Uhifadhi wa Maji ya kushughulikia mabwawa na akiba ya maji, huku huduma ya mabomba ikibaki kwa kaunti. Tanzania nayo, katika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, iliweka masharti ya usalama wa mabwawa.

Kwamba sheria pekee haitoshi, Wakenya wanajua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa na kusomba nyumba. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Uchunguzi ulionyesha kwamba mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na vibali vinavyotakiwa. Sheria ya 2016 ilikuwepo. Mkaguzi ndiye hakuwa amefika.

Majengo haina bwawa la kupasuka. Ina maelfu ya akiba ndogo ndogo, kila moja chini ya kitanda au nyuma ya mlango, na madhara yake hayatoki kwa kishindo. Hutoka mtoto mmoja mmoja, kwenye zahanati, na kwenye daftari huandikwa kuhara.

Kwa hiyo kinachotakiwa katika kanuni ya mji kama Goma hakifanani na sheria ya mabwawa. Ni mambo ya kawaida kabisa. Mwenye lori la maji na mwenye tanki la kuuza awajibike kulisafisha na kuonyesha lilisafishwa lini. Kituo cha maji kipime klorini mbele ya mnunuzi. Bidoni iliyobeba dawa ya kuulia wadudu au mafuta ya gari isiruhusiwe kurudi sokoni kama chombo cha maji ya kunywa. Kwa sasa anayenunua bidoni kuukuu hunusa tu. Shule isifunguliwe bila tanki lenye bomba na kifuniko. Tanki kubwa la mji lisiwe moja, na lisijengwe palipopita lava.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya kutoka Kinshasa. Sheria ya 2015 imeacha nafasi ya kutosha kwa jimbo na mji kuyaandika.

Januari iliyokauka

Kisha likaja juma la mwisho la Januari 2025. Waasi wa M23 waliingia Goma, na kufikia tarehe 27 walikuwa wamelitangaza jiji kuwa mikononi mwao. Mapigano yalikata laini kuu za umeme. Pampu za ziwani zikanyamaza, na kwa siku kadhaa Goma nzima ikawa Majengo: wenye nyumba za ghorofa kandokando ya ziwa na wenye vibanda vya mbao kaskazini walishuka pamoja na bidoni kuchota ziwani, huku milio ya risasi ikisikika bado. Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu walionya kuhusu kipindupindu. Jambo la kwanza lililotafutwa baada ya matibabu ya majeruhi lilikuwa dizeli ya kuwashia pampu.

Katika siku hizo ilionekana wazi akiba ya nyumbani ina maana gani. Aliyekuwa na pipa lililojaa na kufunikwa alifunga mlango akalala chini na watoto wake hadi risasi zipungue. Aliyekuwa na bidoni mbili tupu alilazimika kutoka nje. Kuhifadhi maji Goma si suala la usafi peke yake.

Tangu hapo mji uko chini ya utawala wa AFC/M23, wenye gavana wao na mameya wao, wakati Kinshasa inaendelea kuhesabu Goma kuwa sehemu ya nchi inayotawaliwa na sheria zake. Sheria namba 15/026 haijafutwa na mtu. Regideso bado ina wafanyakazi wanaogeuza valvu na kuziba mabomba yanayovuja. Bili ikilipwa, mwananchi hana hakika fedha yake inaelekea kwa nani, na bomba likikauka hana hakika amlalamikie nani. Benki za mji zilifungwa, na mashirika mengi ya misaada yalipunguziwa fedha mwaka huo huo baada ya Marekani kukata misaada yake ya nje. Meza za klorini zinategemea fedha hizo.

Desemba 2025 sheria hiyo ilitimiza miaka 10. Tangu kutangazwa kwake, Goma imepitia volkano moja, zaidi ya miaka mitatu ya utawala wa kijeshi na kubadilishwa kwa nguvu kwa walioishika. Majengoni, kitu kilichobadilika zaidi katika uhifadhi wa maji ni rangi za mapipa: ya bluu sasa yamekuwa mengi kuliko meusi, na wanaoyauza barabarani huyatoboa na kuyafungia bomba dogo la plastiki kwa anayeongeza fedha kidogo. Ni ile ile ndoo ya Malawi, imefika Goma yenyewe bila mradi. Anayeweza kulinunua, hulinunua. Wengine bado wanachovya kikombe.